Usinipunguzie Mwendo

Chumbageni, Tanga
Jumapili jioni

Mwanangu Rebeka,

Salamu nimekupa kwa mdomo tangu tulipotoka kanisani asubuhi, na hivi sasa nakusikia jikoni ukicheka na mama yako, kwa hiyo naziruka. Mambo ya blanketi, ya maji ya njiani na ya mahali pa kuficha nauli yeye amekwisha kukueleza mara mbili. Mimi sitaongeza. Sanduku alilolifunga mama yako halifunguki hata likidondoka kutoka kwenye behewa.

Nakuandikia kwa sababu ya jana. Ulipoweka mkono pembeni ya sahani ukasema, "Baba, mimi sipandi treni mpaka uniapie kwamba hutakimbia tena," niliinuka nikatoka nje bila kukujibu. Najua mlidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa natafuta jibu ambalo halina uongo ndani yake, na mimi maneno huyapata nikiwa nimeshika kalamu. Unaijua shajara yangu, jinsi ninavyoandika mistari michache kila siku na tarehe juu yake, hata siku ambayo hakuna lililotokea ila mvua. Leo nimeandika tarehe, nikaona ninayotaka kuyasema hayanihusu peke yangu, nikachukua karatasi hii.

Chuo cha wauguzi cha Moshi hakitakungoja. Barua yao tumeisoma sote: asiyefika Jumanne nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo jibu langu lazima ulipate kabla ya treni ya kesho, na sitaki kukupa stesheni mbele za watu, ambapo utalazimika kuniitikia kwa adabu.

Wewe umenijua nikiwa mtu mzima anayekimbia. Hukunijua nilipokuwa nakimbia bila kujua kwamba nakimbia. Nilipomaliza shule na kuteremka kutoka milimani, nilipata ukarani katika shamba la mkonge upande wa Maramba, kazi ya kuandika kadi za wakataji. Mashamba yalikuwa na michezo yao kila mwaka. Mara ya kwanza niliingia mbio za maili moja kwa sababu tu karani mwenzangu aliugua na jina lilikuwa limekwisha kuandikwa. Nilivua viatu, nikaviweka chini ya meza ya waamuzi, nikashinda. Mwaka uliofuata nikashinda tena. Nimepata blanketi, nimepata taa ya chemni, na mara moja nilipewa beberu, ambaye alinikokota yeye mpaka nyumbani badala ya mimi kumkokota.

Kosa langu nadhani lilianza hapo, wakati nashinda. Nilidhani kasi ni tabia yangu, kama vile mtu anavyokuwa mwaminifu au msafi. Niliwaona wanaobaki nyuma nikasema moyoni kwamba hawakutaka vya kutosha. Sikumwambia mtu, lakini nilisema. Ndiyo maana kasi ilipoanza kupungua sikuona kwamba nazeeka. Niliona aibu, kama mtu ambaye watu wanakaribia kumgundua jambo.

Nikueleze inavyokwenda, kwa kuwa utakuwa muuguzi na utawahudumia watu ambao miili yao inawaaga kidogo kidogo. Haiondoki yote siku moja. Kwangu mimi kilichotangulia ni ule mruko wa mwisho. Zamani, tukibakisha kona moja, nilikuwa naiambia miguu "sasa," nayo inaondoka. Mwaka mmoja niliiambia "sasa," nayo ikaendelea vilevile, kama mtumishi aliyesikia akanyamaza. Pumzi nilikuwa nayo, nia nilikuwa nayo, ila hapakuwa na wa kuitika. Kisha zikafuata asubuhi. Nilikuwa nikiamka nasimama. Sasa nikaamka nikawa najadiliana kwanza na visigino. Kisha ikafuata kupona. Mbio za Jumamosi, ambazo zamani nilizisahau Jumamosi hiyohiyo usiku, zikaanza kukaa miguuni mpaka katikati ya wiki.

Tulikuwa tumekwisha kuhamia hapa Chumbageni wakati huo, nami nimeanza kazi katika bohari la katani karibu na bandari. Wewe ulikuwa mdogo. Mimi nikafanya kama karani: hesabu haikubali, basi natafuta kosa limeingilia wapi. Nikalaumu raba, nikarudi kukimbia peku. Nikalaumu wali wa usiku, mama yako akanipikia ugali, nikalaumu ugali. Nikalaumu saa, nikaipeleka Ngamiani kwa fundi saa, yule anayekaa baraza moja na Fundi Omari mshonaji. Fundi saa akaifungua, akaitazama kwa kioo chake, akasema nzima.

Omari hakunyanyua hata mguu kutoka kwenye cherahani yake. "Saa haina kosa, bwana," akasema. "Mkono unaoivaa ndio umechakaa."

Unamjua. Yeye Mdigo, mimi Msambaa, na tangu siku tuliyokutana alijifanya mtani wangu bila kuniomba ruhusa. Naye anakimbia, kama unavyojua, katika zile mbio za watu wazima zinazofunga michezo yetu ya kila mwaka hapa mjini, za waliovuka miaka arobaini. Kila mwaka anakuwa wa mwisho, na kila mwaka watu wanampigia makofi kuliko aliyeshinda. Mimi nilikataa kuingia mbio zile kwa muda mrefu. Niliziita mbio za babu. Nilikuwa na umri wa kuziingia, lakini niliendelea kusimama mstari mmoja na vijana.

Baada ya saa nikalaumu kiwanja. Nikasema, huenda pale nilipozoea kujipima, nyuma ya bohari, ni mbali kuliko maili moja. Nikaamua kupima upya. Sikuwa na mkanda mrefu, nikachukua kamba ya katani, nikaipima mezani kwa rula ya ofisini yadi baada ya yadi, nikaifunga fundo kila mwisho, nikaiviringisha vizuri. Kazi safi kabisa. Kisha masika yakaanza, ikanyesha siku tatu, nami nikangoja. Siku ya nne mvua ikapumzika, nikamwita mama yako anishikie ncha ya pili.

Kamba ilikuwa imekaa nje chini ya upenu. Ilikuwa imelowa mpaka ndani.

Mama yako alishika ncha yake kwa vidole viwili, gauni amelikunja, matope yamefika kwenye vifundo. "Baba Rebeka, watu wanapita," akasema. "Watadhani tunapima kiwanja cha kujenga. Kesho watakuja kuomba chumba."

"Vuta tu kamba."

"Nimevuta. Isipokuwa kama unataka niivute mpaka Pangani."

Tukapigilia vigingi. Jioni hiyo nikakimbia, mizunguko minne, nikatazama saa, nikaitazama tena. Nilikuwa nimerudi nilipokuwa miaka kumi nyuma. Nilirudi nyumbani naimba wimbo wa kanisani, na hayakuwa hata majira yake.

"Umeokota nini?" mama yako akaniuliza.

"Miaka kumi," nikamwambia.

Rebeka, wewe umekulia Tanga. Mtoto yeyote wa hapa anajua kamba ya katani ikilowa inajikaza na kuwa fupi. Mwanamke anayeanika nguo anajua. Mimi nilikuwa nalipwa mshahara kwa kukaa kati ya marobota ya katani, na mara ngapi nimewaambia watu wa zamu walegeze kamba za turubai kabla ya mvua kwa sababu zitakaza na kung'oa ndoano. Nilijua. Jioni ile sikujua. Nikiulizwa leo kama mvua ilinidanganya nitasema hapana; nilikwenda kupima nikiwa nimekwisha kuchagua jibu, na mtu wa namna hiyo hata kamba kavu isingemsaidia.

Nikaenda kwa Omari nikamwambia anishonee bukta ya kukimbilia.

"Ya mjukuu?"

"Yangu."

Akachukua utepe wake, akanizunguka kama anayekagua ng'ombe. "Basi niambie nifuate kipi. Maana maneno yanataka ya kijana, na kiuno kinataka ya mzee."

"Mwaka huu nakimbia kijiti cha mwisho," nikamwambia. "Una macho, utaona."

Kijiti cha mwisho katika mbio za kupokezana kilikuwa cha Petro, kijana wa bohari aliyekuwa akipanga marobota. Alikuwa amekifanyia mazoezi tangu mwaka mpya. Mimi ndiye niliyekuwa naandika majina ya timu. Nikaliondoa jina lake, nikaliweka langu, na aliponijia kuuliza nikamwonyesha wakati wangu wa nyuma ya bohari. Alisoma, akasema, "Basi sawa," akaondoka. Hakuwa na la kubishia. Nilikuwa nimeandika vizuri, na tarehe juu.

Unaweza kukisia. Kijiti kilinifikia tukiwa wa kwanza, kwa mbali. Kiwanja kile kilikuwa kimepimwa na watu wa serikali, kwa mkanda wa chuma. Mpaka kona ya pili nilikuwa nasikia watu wakiita jina la bohari letu. Baada ya hapo nikasikia nyayo. Walinipita watatu, mmoja mmoja, bila haraka, jinsi watu wanavyompita mwenye mzigo barabarani. Nilipofika, Petro alinipa maji yake. "Pole, mzee," akasema, na hakuwa anatania. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa mzee na mtu asiyenitania.

Kiangazi nikarudi na kamba ileile kwenye vigingi vilevile. Nilimwambia mama yako nakwenda kutazama kama vimeoza. Kamba ilikuwa kavu, inakwaruza mikono, na kila nilipoivuta ilivuka kigingi. Nilikaa kwenye majani nikacheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, nikamfikiria Petro. Nilimwendea siku ya pili nikamweleza yote, kamba, mvua, vigingi. Akanisikiliza, akasema tu, "Mwaka kesho usiandike wewe majina." Tangu hapo anaandika mtu mwingine, na Petro ndiye anayekimbia mwisho.

Ungetegemea kwamba baada ya hapo nilipata akili. Nilipata nusu. Niliingia mbio za watu wazima, lakini niliingia kwa hasira, kama mtu aliyeshushwa cheo. Omari alikuwa akipiga soga na waliokaa kandoni hali anakimbia. Mimi nilikuwa nimekaza meno nakimbizana na yule karani wa Maramba niliyekuwa mimi zamani, ambaye ana nusu ya umri wangu na hatanipisha kamwe. Nilishinda mara ya kwanza, na sikufurahi, kwa sababu nilitazama saa.

Sasa nifike kwako, maana hapa ndipo panaponiuma.

Ile likizo uliyorudi kutoka shule ya bweni ukiwa umeshinda mbio za wasichana, ulikuja asubuhi ukasema, "Baba, leo twende wote." Tukatoka kabla jua halijawa kali, barabara ya Raskazone, wewe na gauni lako la shule, mimi na bukta ya Omari. Nilikuwa na raha siku ile. Tulipofika penye mteremko wa kurudi ukaanza kunitangulia. Hukufanya makusudi; miguu yako ilikuwa inakwenda tu. Nilikutazama kwa nyuma nikaona mwendo ambao niliujua, kwa sababu ulikuwa wangu. Sijaona kitu kizuri zaidi ya hicho barabarani. Halafu ukageuza kichwa, ukaniona niko wapi, ukapunguza mwendo.

Ulijifanya una kokoto kwenye kiatu. Uliinama, ukakifungua, ukakifunga. Nilikufikia, tukaenda sawasawa, nami nikasikia unapumua polepole makusudi ili nisijue kwamba hujachoka.

Tulipofika nyumbani nilikukaripia kwa sababu ya kuchelewa kuteka maji. Hapakuwa na kuchelewa kokote. Siku kadhaa nilikuwa nakujibu kwa mkato, na hukuniomba tena twende wote. Mama yako ndiye aliyeniambia usiku mmoja, taa imekwisha kuzimwa, "Mtoto amekuheshimu, wewe umemwadhibu. Sasa hajui lipi lililo kosa, kukupita au kutokukupita."

Nilikuwa sijakwambia mpaka leo. Nakwambia sasa: hapakuwa na kosa upande wako hata moja. Ulinipunguzia mwendo kwa mapenzi, nami nikayaona mapenzi yale kama mtu anayenihurumia. Naogopa nilikufundisha jambo baya asubuhi ile, kwamba ukimpita baba yako atavunjika. Jana mezani uliposema husafiri mpaka niape, nilisikia kokoto ile ile kwenye kiatu.

Nimekuita mama tangu ulipozaliwa, kwa sababu umechukua jina la mama yangu. Hukumwona. Alikuwa akiteremka na mzigo wa viazi kichwani kutoka kwetu mlimani mpaka soko la Mombo, na mimi mdogo nyuma yake. Kupanda watu wote wanajua, alikuwa akisema, ni kukaza tu. Kuteremka ndiko kunakotaka mtu aangalie. Alikuwa anakunja magoti kidogo, anaweka hatua fupi, kisigino kwanza, na hakuwa anashindana na njia. Alipozeeka alibeba viazi vichache zaidi kila msimu, lakini hakuwahi kumwaga. Wanawake waliokuwa wakitaka kuteremka na mzigo ule ule wa ujana wao walianguka, na viazi vyao tuliviokota sisi watoto. Miaka yote hii nimeukumbuka mzigo wake na nguvu zake za kupanda. Ni wiki hizi tu, mguu umefungwa, ndipo nimekumbuka magoti yake.

Na mguu huu nao nikueleze ulivyokuwa, kwa sababu hukuambiwa yote. Siku ile ya mbio mwezi uliopita msuli wa mguu ulikuwa umeanza kuuma wiki nzima kabla. Nilikuwa naufunga kitambaa ofisini na kukifungua nikikaribia nyumbani, ili mama yako asione. Asubuhi ile sikunywa maji kwa sababu nilitaka niwe mwepesi. Jua lilikuwa la kupasua. Katika kona ya mwisho Omari alinipita, Rebeka. Omari. Sikuweza kulivumilia, nikauambia mguu "sasa," mguu ukakatika kama uzi, kichwa kikazunguka, nikaenda chini.

Watu walikuambia Omari alirudi nyuma kuniinua. Hawakukuambia alichosema. Alisimama juu yangu akivuta pumzi, mikono kiunoni, akasema, "Msambaa wewe. Siku moja katika maisha yangu nimepata mtu wa kumshinda, nawe unalala." Kisha akavua fulana yake akanifunika uso jua lisinichome, akakaa chini pembeni yangu, na wa mwisho akawa yeye tena, pamoja nami.

Halafu wewe ukaja mbio, viatu mkononi. Uso ule nimeuona kila siku tangu hapo. Ulidhani nimekufa. Daktari alisema moyo ni mzima, ni jua na kiu na msuli uliochanika, nawe ulisikia kwa masikio yako, lakini naona hukuamini. Umenitazama nikipanda ngazi. Umeamka usiku kusikiliza kama nakoroma. Na mama yako ameniambia kwamba umemwambia unaweza kungoja mwaka mmoja, wauguzi wanatakiwa kila mwaka.

Sasa jibu.

Sitaapa kwamba sitakimbia tena. Nikiapa nitakudanganya, kwa kuwa najijua. Utakuwa Moshi unalala ukiamini baba yako amekaa barazani, kumbe yuko Raskazone amefunga kitambaa mguuni, anajificha. Na kujificha ndiko kulikoniangusha. Umri ulikuwa na sehemu yake, lakini umri haukunikataza kunywa maji.

Ninachoweza kukuahidi ni hiki. Leo baada ya ibada nilipitia Ngamiani kumwona Omari. Nilimwambia mguu ukipona nataka tukimbie wote asubuhi, kwa mwendo wake.

"Mwendo wangu ni mgumu," akasema. "Mimi husimama kunywa kahawa."

"Tutasimama."

"Na ukinipita?"

"Sikupiti."

"Usiseme hivyo, bwana," akasema. "Nipite siku moja moja, nisije nikajidhania."

Mguu ukiuma nitasema unauma, siku hiyo hiyo, kwa mama yako, ambaye hatakawia kukuandikia. Nitakunywa maji kama ng'ombe. Na nitaendelea kutazama saa, kwa sababu siwezi kuwa mtu mwingine; lakini nimeamua kujipima na mtu wa mwaka jana tu, kiwanja kilekile, majira yaleyale. Yule wa Maramba nimemwacha aende zake. Alikuwa mkimbiaji mzuri, na hakuwa na mke wala mtoto, na nadhani asingejua la kufanya na Petro, wala na wewe. Mwaka kesho nitakuwa polepole kidogo kuliko mwaka huu, na mwaka ule mwingine kidogo tena. Nataka kuona kama naweza kuteremka bila kumwaga viazi. Hiyo ni kazi ambayo sijawahi kuifanya vizuri, na imebaki muda wa kujifunza.

Na wewe nakuomba jambo moja tu, si kiapo. Usinipunguzie mwendo. Si kwa treni hii, wala mwaka kesho, wala siku utakayoandikiwa kwamba baba anachechemea. Ukibaki hapa kunilinda hutanilinda. Utakuwa umeinama barabarani unafungua kiatu kisicho na kokoto, nami nitajua, kama nilivyojua siku ile, na safari hii sitakuwa na la kukukaripia ila mimi mwenyewe. Lakini ukienda, kila nikitoka asubuhi na Omari nitakuwa na binti aliyenitangulia, nami nitautazama mwendo wako kwa nyuma. Sijui raha kubwa zaidi ya hiyo kwa mtu wa umri wangu. Niliinyima nafsi yangu raha hiyo siku ya Raskazone kwa upumbavu. Usininyime tena kwa huruma.

Mama yako ananiita nile. Barua hii nitaiweka chini ya mto wako, uisome kabla ya kulala, na asubuhi tusiizungumze. Ukivaa viatu ukabeba kikapu chako nitajua umenijibu.

Stesheni watu huwa wanakimbia kando ya behewa treni inapoondoka, nawe unajua mimi ni mtu wa namna gani. Kesho nitatembea. Nitatembea nimeshika dirisha lako mpaka treni itakaponizidi, kisha nitaliachia. Usitoe kichwa kunitazama nimefika wapi. Moshi wa injini una cheche, na zinaingia machoni. Nitakuwa nimesimama tu na mama yako, navuta pumzi.

Baba yako